Orrin na Gari la Tano

Nimemdharau Orrin Stubblefield kwa miaka kumi na moja, na sioni sababu ya kuomba radhi, maana yeye ndiye aliyeanza. Siku ya kwanza tulipoonana nilikuwa nimekaa kituoni kwangu, kona ya tano ya uwanja wa Cutler's Run, nimevaa nguo zangu nyeupe, bendera nimezilaza magotini. Akapita kwa miguu akiikagua barabara kama mtu anayenunua shamba. Akanitazama, akauliza, "Mzee, wanakulipa kiasi gani kupeperusha vitambaa?" Nikamwambia hatulipwi, tunapewa chakula cha mchana. Akacheka peke yake mpaka akafika kona ya sita.

Tangu siku hiyo jina langu kwake ni Mzee wa Vitambaa. Mama yangu aliniita Wendell, lakini jina hilo Orrin hajawahi kulihitaji.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Tangu mke wangu afariki nalala kwenye kijumba cha kuvutwa na pikapu, na kuanzia Aprili hadi Oktoba nahama uwanja mmoja hadi mwingine, Ohio, Indiana, wakati mwingine mpaka kule juu Michigan, nikishika bendera kwenye mbio za watu wasio na majina. Si mbio za televisheni. Ni barabara yenye kona za kushoto na kulia, na wanaokimbizana humo ni mafundi bomba, walimu, na wakulima wa soya. Nimeona wapumbavu wa kila aina. Orrin nilimweka rafu ya juu.

Kazi yake ni kunyonya mashimo ya vyoo. Ana lori lenye tangi la kijani, na katika wilaya yake hakuna nyumba ambayo hajaipelekea bomba. Sisemi kwa kumcheka. Ni kazi halali, na siku shimo linapofurika hakuna mtu anayependwa kama yeye. Ninachomdharau ni kwamba kazi hiyo ameifanya rula ya kupimia watu. Ukimsifia mtu yeyote mbele yake, atakwambia, "Huyo? Nimeshafungua shimo lake," kana kwamba hapo maneno yamekwisha.

Sasa nifike kwenye gari. Ni la mwaka sitini na nane, milango miwili, boneti refu kama meza ya kanisani, la wakati ule petroli ilipokuwa rahisi na watu hawakuwa na adabu nayo. Alilikuta kwenye banda la mjane mmoja, kuku wakitagia kiti cha nyuma, akalipata kwa dola mia nne na kumnyonyea shimo bure. Magari ya aina ile siku hizi matajiri wanayanunua kwa bei ya nyumba, wanayafungia ndani na kuyafuta kwa kitambaa laini. Hapo nampa Orrin haki yake. Yeye hakutaka kulifuta. Alitaka kulikimbiza.

Basi akalijenga majira sita ya baridi. Giaboksi alitoa kwenye lori la kusambaza mikate. Usukani ulitoka kwenye gari la polisi lililopigwa mnada. Springi alizikata kwa msumeno ili gari lishuke chini, na vyuma vya kumkinga dereva alivichomelea mwenyewe mara tatu, maana mara mbili za kwanza mkaguzi alivikataa. Muda wote huo mkewe, Vonda, aliegesha gari lake nje kwenye theluji, kwa sababu banda lilikuwa la yule mke mwenza wa chuma. Paa la jikoni lilipovuja, Orrin aliweka sufuria chini ya tundu, na hela ya bati ikaenda kwenye injini.

Ile injini ndiyo iliyokula kila kitu. Ukimuuliza Orrin hali ya Vonda atakujibu hali ya injini. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ikipita kituoni kwangu kahawa ilitetemeka kikombeni. Lakini gari zito kama lile, lenye nguvu kama ile, alilifungia breki za mbele alizotoa kwenye gari la familia lililooza skrepa, kwenye vyuma chakavu, na nyuma akaacha zilezile breki za ngoma za zamani zilizozaliwa nalo. Kila mtu alimwambia. Jibu lake lilikuwa moja: "Breki ni za watu waliokosea mwendo."

Kosa hilo ni la watu wa kwetu hasa. Tulikulia kwenye barabara za mashamba, ambako vijana hushindana kutoka ghala la nafaka mpaka kanisani, mstari mmoja ulionyooka, na kusimama ni shauri la baadaye. Mtu anazeeka na akili hiyo. Halafu anakuja uwanja wenye kona kumi na mbili, anashangaa.

Kwa miaka mitano ya kushindana hakuwahi kumaliza mbele ya mtu yeyote ambaye gari lake lilikuwa zima. Bado aliwadharau wote. Aliyemdharau zaidi ni Lyle Penhallow, daktari wa meno, mtu mpole mwenye mikono misafi, ambaye gari lake la umri uleule na aina ileile alilinunua likiwa tayari limeshajengwa. Orrin alimwita Daktari Hundi. "Huyo hajawahi kufungua hata nati moja," alikuwa akisema kwa sauti, daktari akiwa hatua nne tu. "Na shimo lake nalijua. La kawaida tu kama langu."

Daktari alikuwa anatabasamu. Ana meno mazuri.

Kuna desturi moja kwenye viwanja vyetu ambayo mgeni haiamini akiiona. Kifaa chako kikivunjika, unakwenda kwa mtu wa kipaza sauti, anatangaza kwamba fulani, kibanda namba fulani, anatafuta kitu fulani. Kabla hajamaliza kutangaza, watu wanakuja na vifaa mikononi, na mara nyingi anayekuja mbio kuliko wote ni yule utakayeshindana naye saa moja baadaye. Hapendi kukushinda ukiwa umekaa juu ya ndoo. Kwa miaka mitano Orrin hakuwahi kutangaziwa kitu, wala hakuwahi kumpelekea mtu hata bolti. Mtu wa kuomba, alisema, angebaki nyumbani akaombe.

Sasa sikiliza ilivyokuwa Oktoba iliyopita. Darasa lao, yaani kundi la kushindana la magari makubwa ya zamani, lilikuwa linakufa. Sheria ya klabu ni kwamba darasa likikosa magari matano kwenye mbio za kufunga mwaka, linafutwa. Gari la kuhesabiwa sharti lianze na limalize angalau nusu ya mizunguko. Na mwaka ule magari yalikuwa matano kamili: daktari, mkulima mmoja na kaka yake, fundi umeme wa kutoka Dayton, na Orrin. Wale wanne wangeweza kubadilisha hiki na kile wakahamia darasa lingine. Gari la Orrin, kwa vile lilivyounganishwa kwa viungo vya marehemu mbalimbali, halikuwa na darasa lingine lolote duniani lililoweza kulipokea. Darasa likifutwa, majira yake sita ya baridi yangerudi kuwa kiota cha kuku.

Alilijua hilo vizuri. Jumamosi ya mazoezi alikuja kwangu mapema, akasimama, akasema, "Mzee wa Vitambaa, kesho usinipungie kitu chochote. Nina kazi." Kwa Orrin hayo yalikuwa maombi.

Saa tano asubuhi nikamwona anateremka mstari mrefu kuelekea kona yangu, injini ikiunguruma vizuri kabisa. Mahali pa kupunguza mwendo pakapita. Nikaona taa nyekundu za nyuma zimewaka, maana yake amekanyaga, lakini gari halikuwa na habari. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Likapita mbele yangu likiwa limenyooka kama msumari, likakata majani, likaingia kwenye ukuta wa matairi. Nikapunga bendera ya njano, ile ya hatari, huku nikitembea kumfuata. Alikuwa mzima. Alikuwa anautukana ukuta.

Mkaguzi wa uwanja ni Delphine Osgood, mama mfupi aliyestaafu kutengeneza mabasi ya shule. Alijiinamisha, akatazama magurudumu ya mbele, akaona kalipa, yale makucha yanayobana diski, moja imepasuka na nyingine imeungua ikawa rangi ya samawati. Akachukua kitabu cha gari, maana kila gari la mbio lina kitabu chake, akaandika kwa herufi kubwa. Halafu akamsomea, ili asije akasema hakuona.

"Halisogei mpaka breki za mbele zibadilishwe zote."

"Mama, hizi nazitengeneza saa mbili tu."

"Nimelinda watoto wa watu miaka thelathini na moja kwenye mabasi, Orrin. Halisogei."

Basi akavuta gari kibandani, akalala chini yake juu ya kipande cha boksi, akaanza kupigapiga nyundo. Vijiji vya karibu havina duka lenye breki za gari la miaka hamsini na kitu. Nikaenda kumwambia kwamba mtu wa kipaza sauti yuko pale mnarani, hana kazi, anakula karanga. Miguu ya Orrin haikusogea. Akasema atachomelea.

"Utachomelea breki?"

"Nilichomelea hata vyuma vya kunikinga kichwa."

"Mara tatu," nikasema.

Nyundo ikaendelea. Nikakaa kidogo juu ya tairi lake nikitazama. Mkono wake ulipotoka nje kutafuta spana, ulitafuta upande ambao spana haikuwepo, ukapapasa majani, ukarudi ndani bila kitu. Nikaisogeza spana kwa kiatu nikaondoka.

Penye hema la chakula, kina mama wa kanisa walikuwa wanagawa tambi za kuku, zile zinazomwagwa juu ya viazi vilivyopondwa. Mimi kwa chakula kile naweza kumsamehe mtu yeyote, isipokuwa mmoja. Daktari Penhallow alikuwa amekaa hapo, sahani imepoa, na miguuni pake kuna boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na kalipa mbili, diski na pedi zake, za akiba, za gari lake, na zingeingia kwenye gari la Orrin kama kidole kwenye pete.

"Nilimpelekea," akasema. "Kanifukuza."

"Alisemaje?"

"Nilimwambia, chukua ndugu yangu, mimi sizitumii. Akasema, 'Daktari, mimi si mgonjwa.'"

Nikamuuliza alimwambia kwa sauti gani. Akasema sauti yake ya kawaida. Nikamuuliza kama ni ileile ya kwenye kiti cha meno. Akafikiri, akakubali kwamba labda ni ileile.

"Hilo ndilo kosa, daktari. Sauti ile mtu akiisikia anajua ataumizwa. Huyu ukimpa kwa upole hatachukua. Nenda ukamtukane."

Daktari akashangaa. Mtu mzima wa miaka sitini, na sidhani kama alikuwa amewahi kumtukana hata mbu. Akaniuliza amtukane nini. Nikamwambia aseme lolote la kweli, yapo mengi. Akatoa kalamu mfukoni, nikamwambia hapana, asiandike.

Nilimfuata kwa mbali, maana jambo kama lile halionekani mara mbili. Akafika kibandani, akaliangusha boksi chini kwa kishindo ambacho kilimshtua yeye mwenyewe.

"Orrin," akasema. "Gari lako ni aibu. Breki zako ni za toroli. Mimi sina haja na wewe. Nina haja na magari matano, na wewe ni wa tano kwa sababu wa sita hayupo."

Nyundo ikanyamaza. Orrin akajivuta kutoka chini ya gari, uso mweusi kwa grisi, akaketi.

"Rudia hilo la toroli."

Daktari akarudia. "Breki zako ni za toroli."

"Toroli halina breki, daktari."

"Ndiyo maana yangu."

Orrin akavuta boksi kwa mguu, akatoa kalipa moja, akaipima uzito mkononi. "Hizi umewahi kuzifunga mwenyewe hata siku moja?"

"Hapana."

"Nilijua. Bado zina grisi ya dukani." Akarudi chini ya gari, na kalipa ikaenda naye.

Jioni Delphine akaja na tochi yake, akakagua, akakanyaga pedali mara kumi, akaweka saini kwenye kitabu bila kusema neno. Daktari akaniuliza kama alitukana sawasawa. Nikamwambia amefanya vizuri, ila hilo la wa sita hayupo lilikuwa la ziada.

Jumapili saa nane mchana wakaanza, mizunguko ishirini. Orrin alihitaji kumi. Ungedhani mtu aliyefungiwa breki nzuri kwa mara ya kwanza maishani atazitumia. Wapi. Mguu wake ulikuwa umezoea zile mbovu, kwa hiyo kila alipokuja kwangu alikanyaga mapema mno, gari likakaribia kusimama kabisa, halafu akalazimika kulikokota mpaka kwenye kona kama bibi harusi. Wale wanne wakamwacha. Mzunguko wa nane nikamwonyesha bendera ya buluu, ile ya kumwambia mtu kwamba kuna mwenye kasi nyuma yake ampishe. Akanionyesha ngumi. Nikafurahi, nakiri.

Mzunguko wa tisa, mwenye kasi akatokea, naye hakuwa mwingine ila Daktari Hundi, anakuja kumzidi mzunguko mzima. Wakateremka mstari mrefu bega kwa bega. Mwenye akili angempisha na kwenda kuchukua mizunguko yake miwili iliyobaki. Orrin akaona gari lile jeupe dirishani mwake, akasahau kuku, akasahau darasa, akakanyaga mafuta. Alisubiri, akasubiri, kisha akaziamini zile breki zote kwa mara moja. Mbele zikang'ata. Nyuma, zile ngoma kuukuu zikaganda, matairi yakateleza. Gari likazunguka mara mbili mbele yangu, likapanda majani, likasimama, pua ikitazama barabara na mkia ukitazama mtaro. Injini ikazima. Daktari akapita salama.

Nikapunga njano. Mwenzangu wa redio akatoa taarifa. Sisi wa bendera haturuhusiwi kumsukuma mtu. Akiliwasha mwenyewe anaendelea, akishindwa basi. Orrin akapiga stata. Betri yake, nisikufiche, ilikuwa ya trekta dogo la kukatia majani, aliifunga kwa ajili ya wepesi na urahisi wa bei. Ikalia krrr, ikalia krr, ikalia ka. Halafu kimya. Nilisikia panzi.

Mizunguko minane. Nikajikuta nimekunja vidole vinane na viwili vimebaki, na sikujua ni saa ngapi nilianza kumhesabia.

Akanitazama. Kisha akageuza shingo akatazama nyuma, ule mteremko wa majani hadi mtaroni, pengine hatua ishirini. Akaachia breki.

Gari likaanza kushuka kinyumenyume, polepole, halafu si polepole. Alikuwa ameshaweka gia ya nyuma na mguu umebana klachi. Nilielewa anachofanya, maana hata mimi niliwasha matrekta hivyo nikiwa kijana maskini. Lakini trekta ukikosea unajaribu tena. Yeye alikuwa na mteremko mmoja tu, na mwishoni kuna mtaro wa kina cha kifua. Daktari asingejua kitu kama kile hata angeishi miaka mia mbili. Aliyenunua gari likiwa na betri nzima hajifunzi. Hatua kumi. Hatua kumi na tano. Nikafumba jicho moja. Orrin akaachia klachi.

Gari likatikisika kama mbwa aliyetoka mtoni, likakohoa moshi mweusi, na ile injini iliyokula paa la Vonda ikaunguruma. Akakanyaga breki za daktari, zikamsimamisha matairi ya nyuma yakiwa yanachungulia mtaro.

Akapanda taratibu hadi ukingoni mwa barabara. Hapo sheria inamtaka asubiri mkono wangu, na kwa miaka yote mitano alikuwa na tabia ya kuingia tu kama mbuzi. Safari hii alisimama. Akanigeuzia uso wake mzima ndani ya kofia ya chuma, akasubiri. Lilipita gari la mkulima, likapita la kaka yake. Nilimsubirisha kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Halafu nikampungia aingie.

Akamaliza mizunguko kumi na sita, wa mwisho katika watano. Darasa likabaki.

Hakuna aliyembeba begani. Alipoteremka, mkulima alimwambia kwamba hajawahi kuona gari likiendeshwa vibaya hivyo pande zote mbili, mbele na nyuma. Orrin akamjibu kwamba breki za watu wengine zinang'ata sana. Jioni ileile alizifungua, akaziosha kwa petroli, akazirudisha zimepangwa ndani ya kopo la biskuti. Daktari, kwa kuwa ameshaonja, akasema, "Hata kopo ni chafu." Orrin akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyeridhika.

Akanipita nikiwa nakunja bendera. "Yule daktari hajui kutukana," akasema. "Hilo la toroli nani alimpa?"

"La kwake mwenyewe."

"Haya. La wa sita hayupo lilikuwa baya," akasema, na akaenda zake.

Februari daktari alinipigia simu kunieleza kwamba aliamka asubuhi akakuta alama za matairi ya lori kwenye theluji kando ya nyumba, kifuniko cha shimo kimerudishwa vizuri, na shimo limenyonywa likabaki tupu. Hakuna aliyebisha hodi. Nilipomwona Orrin Aprili nikamuuliza. Akasema lilikuwa limekaribia kujaa, na mtu akiachiwa uchafu wake mwenyewe si vizuri, hata awe daktari.

Alikuwa amekuja na breki mpya za mbele, yaani za skrepa, lakini za aina ileile kama za Penhallow, na Delphine alizikagua mara mbili akitafuta kosa. Sasa Orrin anawaambia wageni kwamba daktari ndiye aliyemwiga yeye. Anasema hivyo daktari akiwa hatua nne tu. Na akifika kona yangu bado anakanyaga mapema mno, na mimi bado namtolea bendera ya buluu, wakati mwingine hata nyuma yake hakuna mtu.